Tuwekewe pa kusimama Kilifi

Mhariri,

Wageni wengi wanaoendesha gari kutoka Mombasa hadi Malindi hulalamika kwamba bahari hawakuiona. Ni kweli, ukishavuka Mtwapa barabara huiacha pwani, na Vipingo ni mkonge tu, safu kwa safu, kushoto na kulia. Lakini daraja la Kilifi, lililochukua nafasi ya feri mwaka 1991, ni uhondo: hori la buluu chini kabisa, mashua zimetia nanga, mibuyu ukingoni. Ukipunguza mwendo kidogo utazame, lori la nyuma linakupigia honi. Nawasihi wahusika watenge mahali salama pa kuegesha karibu na daraja. Wauza korosho nao watapata riziki.

Msomaji wako,
Malindi