Kanuni za mbio za vigari ziwe za taifa zima

Apitaye jioni katika vichochoro vya Mbagala, Tandika au Mwananyamala hakosi kuwaona watoto wakiserereka juu ya vigari walivyojiundia kwa vipande vya mbao na beringi kuukuu zilizotupwa na mafundi wa gereji. Usukani wao ni kamba, na breki yao ni kisigino. Hata kanuni wanazo. Husukumana kwa zamu, amwangushaye mwenzake kwa makusudi hutolewa, na ugomvi ukizuka huamuliwa papo hapo na mkubwa wao. Kanuni hizo hazikuandikwa popote, lakini kila achezaye anazijua, wala hazimfungii mlango mtoto asiye na kitu.

Tumeanza na watoto hao kwa kuwa ndio kipimo tunachotaka kitumike katika jambo tunalolizungumzia leo, nalo ni kanuni za mashindano ya vigari vya mbio vyenye injini, ambavyo ulimwenguni huitwa karti. Msimamo wetu ni huu: kila mara chombo cha taifa kinapoketi kuzitunga au kuzipitia upya kanuni za mchezo huo, kisizipime kwa mtu ambaye tayari ana kigari, fundi na lori la kukibebea. Kizipime kwa kijana wa Temeke mwenye ufundi lakini hana fedha, na kwa kijana wa Unguja au Pemba aliyetenganishwa na uwanja kwa bahari. Kanuni isiyowafikia hao wawili yaweza kuwa kanuni nzuri ya klabu, lakini si kanuni ya taifa.

Wako watakaosema kwamba huu ni mchezo wa matajiri kwa asili yake. Hilo si kweli. Mwaka 1956, huko California nchini Marekani, fundi aitwaye Art Ingels alikifunga kigari cha mabomba injini ya mashine ya kukatia majani, akakiendesha. Hapo ndipo mchezo ulipoanzia. Baba yake Michael Schumacher wa Ujerumani alikitia kigari cha mwanawe injini ndogo ya pikipiki wakati mtoto alikuwa na umri wa miaka minne. Lewis Hamilton wa Uingereza alianza mashindano ya vigari akiwa na miaka minane, na baba yake alifanya kazi zaidi ya moja ili kuzimudu gharama. Kila mmoja wa madereva hao wawili alikuja kutwaa ubingwa wa dunia mara saba. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na katika mbio za magari usemi huo umethibitika kuliko katika michezo mingi.

Wala hatuhitaji kwenda mbali ili kujifunza jinsi kanuni inavyoweza kumlinda mwenye uwezo mdogo. Mbio za magari za Safari zilipoanza mwaka 1953, zikipita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani. Mwenye gari la bei nafuu alishindana na wenzake wa kadiri yake, naye aliweza kurudi nyumbani na ushindi wa haki. Mbio hizo hizo zilimpa sifa Bert Shankland, dereva aliyeishi na kufanya kazi Tanzania, ambaye alishinda mwaka 1966 na akarudia ushindi huo mwaka 1967 kwa gari la Peugeot 404. Kwa hiyo kugawa madaraja kwa kuzingatia mfuko wa mshindani si fikira ngeni kwetu. Ni hekima iliyowahi kutumika katika barabara zetu wenyewe, na inastahili kurejeshwa.

Tunashauri basi kwamba kanuni ziweke daraja moja la taifa litakalotumia injini ya aina moja, ya kawaida, itiwayo lakiri ili isichezewe. Katika nchi ya Uingereza yako madaraja ya watoto yaliyotumia injini za Honda za aina ile ile ifungwayo katika pampu za maji na jenereta. Injini kama hizo mafundi wetu wanazifahamu vizuri, na vipuri vyake havihitaji kuagizwa Ulaya. Idadi ya matairi kwa kila shindano nayo itajwe, maana tajiri humshinda maskini kwa kubadilisha matairi kabla hajamshinda kwa kuendesha. Tena, pale vigari vinapokuwa mali ya chama, vigawanywe kwa kura asubuhi ya mashindano. Utaratibu huo hutumika katika mashindano makubwa ya kimataifa ya vijana, na shabaha yake ni kwamba mshindi apatikane kwa mikono na macho yake, na si kwa hundi ya mzazi.

Jambo la pili ni usalama, na hapa hatuna nafasi ya kuoneana haya. Kijana akosaye uwanja na kanuni hutafuta mbio mahali pengine, na mahali penyewe ni barabara kuu, usiku, juu ya pikipiki, katikati ya malori na waenda kwa miguu. Barabara za umma zina sheria yake ya usalama ya mwaka 1973, nazo si mahali pa mashindano. Kanuni ziseme waziwazi kwamba dereva atakayekamatwa akishindana barabarani atanyang'anywa leseni ya mchezo. Lakini adhabu hiyo itakuwa na maana ikiwa tu leseni yenyewe inapatikana, kwa sababu huwezi kumnyang'anya mtu kitu ambacho hukumpa nafasi ya kukipata.

Uwanjani nako kuna hatari zake. Dereva wa kigari cha mbio kwa kawaida hafungwi mkanda. Hukaa wazi, karibu na ardhi, huku mnyororo na ekseli vikizunguka kwa kasi nyuma ya mgongo wake. Mwaka 2010 nchini Australia mwanamke mmoja alifariki dunia baada ya vazi lake kunaswa katika kigari cha namna hiyo. Tukio hilo linawahusu moja kwa moja wasichana wetu wa Bara na wa Visiwani wavaao hijabu. Liko kosa la kuwaacha waingie na mtandio unaopepea, na liko kosa la pili, baya vilevile, la kuwafukuza uwanjani. Kanuni bora itaeleza vazi la kichwa lililoshonwa likabana, livaliwe chini ya kofia ngumu, na itaamuru mnyororo na ekseli vifunikwe. Shirikisho la mpira wa miguu duniani, FIFA, liliruhusu rasmi vazi la kichwa kwa wachezaji mwaka 2014, na mpira haukuharibika kwa hilo.

Zaidi ya hayo, washindani wengi wa vigari ni watoto, na watoto wanalindwa na sheria mbili tofauti: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa upande wa Bara, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2011 kwa upande wa Zanzibar. Kanuni zizingatie zote mbili. Idhini ya mzazi iwe ya maandishi, cheti cha daktari kiwe cha lazima, na mashindano yasianze mpaka gari la wagonjwa liwe limesimama uwanjani. Likiondoka na majeruhi, mbio zisimame hadi litakaporudi.

Tunafika sasa katika jambo ambalo wasomaji wetu wa Visiwani wanalifahamu kuliko sisi tunavyoweza kulieleza. Michezo haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Bara kuna Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, na Zanzibar ina baraza lake. Lakini Shirikisho la Magari la Kimataifa, FIA, lililoanzishwa mjini Paris mwaka 1904, hutambua mamlaka moja tu ya mbio za magari katika kila nchi, na kwa nchi yetu mamlaka hayo yamo mikononi mwa chama cha wenye magari, AAT. Maana yake ni kwamba kijana wa Wete au wa Makunduchi ana baraza lake la michezo nyumbani, ila mlango wake wa kuingilia katika mashindano ya kimataifa ya mbio za magari uko Dar es Salaam.

Tuliona katika mpira wa miguu jinsi jambo la namna hiyo linavyoweza kuumiza. Mwezi wa Machi mwaka 2017 Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama kamili wa shirikisho la mpira la Afrika, CAF, na mwezi wa Julai mwaka huo huo uanachama huo ukafutwa. Hatuna nia ya kuufufua mjadala huo hapa. Tunachosema ni kwamba, maadamu mlango wa nje ni mmoja, haki ya kuufikia mlango huo haina budi kuandikwa ndani ya kanuni zetu wenyewe, isiachwe itegemee hisani ya kiongozi aliyepo. Leseni ya mchezo itolewe Unguja na Pemba kama itolewavyo Kinondoni, kwa ada ile ile. Kila msimu wa mashindano uwe na angalau duru moja Visiwani. Na dereva asafiriye kuvuka bahari akute kigari cha chama kikimngoja, ili asilazimike kulipia nauli ya kigari, mapipa na matairi melini. Kanuni hizo zitiwe sahihi na mabaraza yote mawili. Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini manahodha wawili waliokubaliana juu ya dira moja hukifikisha bandarini.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mwaka ule ule wa 1967 lilipoundwa Baraza la Michezo, liliundwa pia Baraza la Kiswahili, na tangu 2021 sheria za nchi yetu zimeelekezwa ziwe katika Kiswahili. Itakuwa ajabu ikiwa sheria za Bunge zitasomeka na mwananchi, kisha kanuni za mchezo wa watoto zisomeke kwa Kiingereza na Kifaransa tu. BAKITA na wenzao wa BAKIZA wanaweza kuketi pamoja na mafundi wa gereji wakayapata majina ya vyuma hivyo kwa muda mfupi, kwani mengi mafundi wanayo tayari. Kanuni zikichapishwa, nakala ziwekwe katika kila ofisi ya michezo ya wilaya, Bara na Visiwani, bila malipo.

Lisisahauliwe pia suala la rufaa. Mwamuzi asiwe mzazi, mwajiri wala mfadhili wa mshindani. Malalamiko yapokewe kwa maandishi siku ile ile, na kamati itakayoyasikiliza isiwe na mtu aliyeyatoa maamuzi ya kwanza. Mchezo ambao mshindwa ameridhika kwamba alishindwa kwa haki huongeza wachezaji kila mwaka.

Tunajua hoja itakayotolewa na baadhi ya maofisa. Watauliza kama nchi yenye madarasa yasiyo na madawati ya kutosha ina sababu ya kujishughulisha na vigari. Hoja hiyo ni ya haki, nasi hatuikwepi. Hatuombi Hazina ijenge uwanja wa mbio. Tunaomba vitu ambavyo tayari vipo vitumike. Wilaya ya Temeke ina viwanja vya maonyesho vya Sabasaba, kando ya Barabara ya Kilwa, ambavyo pilikapilika zake kubwa ni za majira ya maonyesho. Ina pia chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, ambako vijana hujifunza kuchomelea vyuma na kufungua injini. Kigari cha mbio ni mabomba yaliyochomelewa, injini, mnyororo, breki na usukani, yaani masomo ya chuo hicho yaliyowekwa juu ya magurudumu manne. Zanzibar nayo ina vyuo vyake vya ufundi. Kijana atakayekiunda kigari, akakipima na kukitengeneza kinapoharibika, atakuwa amepata kazi ya mikono hata kama hatapata kombe.

Wakazi wa jirani nao wana haki zao, kwani sauti ya injini ishirini si sauti ya kinanda. Saa za mazoezi zipangwe pamoja na serikali za mitaa, na saa za ibada na za masomo ziheshimiwe. Mchezo ukianza kwa kuwaudhi majirani hautadumu.

Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, na Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773. Kati ya mamilioni hayo, wangapi wana mkono mwepesi wa usukani na jicho la kuona kona kabla haijafika? Hakuna ajuaye, wala hatutajua maadamu anayepimwa ni yule tu ambaye mzazi wake anaweza kulipa. Tunatoa wito kwa viongozi wa mchezo, kwa mabaraza yote mawili na kwa maofisa michezo wa wilaya waketi meza moja waziandike kanuni hizi upya. Na kabla hawajazitia sahihi, waende jioni moja Mbagala wakaketi ukingoni mwa kichochoro, wawatazame wale watoto wa vigari vya mbao, kisha wajiulize ni kifungu gani kati ya walivyoviandika kinamruhusu hata mmoja wao kuingia.