NYUMBA YETU: Mama akipungua mwili, tusinong'one

Mwezi huu tuongee juu ya uzito wa watu wazima, wale wa miaka 40 na kuendelea. Mimi ni kijana, mnivumilie, lakini jambo hili liko katika nyumba zetu.

Wengine watasema, wanene watatoka wapi huku Abuku, na chakula chenyewe hakitoshi? Ni kweli, tangu 2023 mgao wa wakimbizi Uganda unatolewa kwa makundi na wengi wamepunguziwa. Lakini mtu anaweza kunenepa hata katika nyumba yenye shida. Kule nyumbani mama alilima shamba kubwa. Hapa ana kipande kidogo, na posho ndiyo inajaza sahani mchana na jioni.

Halafu kuna mawazo. Mtu amepoteza ndugu, hajui kesho. Usiku halali, mchana hana nguvu ya kutoka, anakaa tu na chai yenye sukari nyingi. Akijiona anazidi kunenepa, huzuni nayo inazidi. Huyo ukimwambia "punguza kula" tu, hujamsaidia. Tuanze na moyo.

Wenzetu wa Rhino Camp wametuonyesha. Akina mama wakimbizi kutoka Sudan Kusini walikutana kwa vikundi mara 5, wakasikiliza mafundisho ya Shirika la Afya Duniani yaliyorekodiwa kwa lugha yao: kutuliza mawazo na kufanya jambo dogo lenye maana kwao. Matokeo yalitolewa 2020. Baada ya miezi 3 walikuwa na nafuu kuliko wale ambao hawakufundishwa. Na sisi tunaweza kukaa pamoja.

Basi tufanye hivi:

1. Tembeeni wawili wawili, nusu saa, siku 5 kwa wiki. Kwenda sokoni kwa mwendo wa haraka pia ni mazoezi. Mkiwa wawili, mtaongea, na moyo utapumua.

2. Usikae na njaa. Punguza posho kidogo, ongeza sombe, lengalenga, kunde au maharagi. Mafuta yananenepesha kuliko sukari, kwa hiyo pima kwa kijiko, usimimine kutoka chupani.

3. Baba na watoto, chukueni jerikeni, osheni vyombo. Mama hawezi kupata nusu saa kama kazi zote ni zake.

4. Majirani, tufunge midomo. Mama akianza kupungua, utasikia, "Eh, huyu ameshapata ugonjwa!" Kwa sababu ya maneno hayo wengine wanaacha, wanarudi kunenepa ili wasisemwe. Tumwambie, "Hongera, mama."

Lakini anayepungua bila kutaka, au anayekohoa wiki 2, aende kituo cha afya haraka. Hata mwenye huzuni isiyoisha kwa wiki 2 aende pia, si aibu. Na mjamzito, anayenyonyesha au aliye kwenye dawa za kifua kikuu asijipunguze mwenyewe, aulize muuguzi kwanza.

Haya wazazi wangu, leo jioni mwiteni jirani mmoja mtembee naye. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu