Dawa ya Nguvu za Kiume Hukaa Mwilini Muda Gani?

Ametuandikia mzee mmoja wa Mabatini, Mwanza, naye ametuomba tulifiche jina lake. Asema humeza kidonge cha sildenafil saa tatu ya usiku, na ifikapo saa saba huona nguvu yake imekwisha. Je, na dawa yenyewe imekwisha mwilini? Auliza kwa kuwa daktari amempa kidonge kingine, cha kuweka chini ya ulimi kifua kimbanapo.

Twamshukuru kwa kutoona haya. Swali hili wengi wanalo, na wachache hulitamka hata mbele ya wake zao.

Haijakwisha. Sildenafil, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Viagra baada ya kujaribiwa kwanza kwa ugonjwa wa moyo, huanza kazi baada ya nusu saa au saa moja, na husaidia kwa saa nne au tano. (Mlo wa mafuta mengi huichelewesha, basi aimezaye juu ya futari nzito asidhani ameuziwa chaki.) Lakini katika kila saa nne hivi, nusu tu ya iliyomo katika damu ndiyo iondokayo. Saa saba ya usiku nusu ingalimo, alfajiri saa kumi na moja robo, na saa tatu ya asubuhi thumni. Mtu aliyepita miaka 65, na mwenye ini au figo dhaifu, hukaa nayo zaidi.

Tadalafil ni mwendo mwingine kabisa. Nguvu yake yaweza kudumu saa 36: imezwayo Alhamisi usiku ingali ikifanya kazi Jumamosi asubuhi. Wala saumu haivunjiki kwa dawa iliyomezwa usiku kubaki katika damu mchana. Kivunjacho ni kumeza mchana.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kidonge cha chini ya ulimi hupanua mishipa ya damu, na hivi navyo huipanua. Vikutanapo, shinikizo la damu huporomoka, na mtu aweza kuzimia au kufa. Waganga huhesabu saa 24 baada ya sildenafil, na 48 baada ya tadalafil, kabla ya kumpa mgonjwa dawa ile ya moyo. Kwa hivyo aliyeandikiwa dawa hiyo haimfai kumeza vidonge hivi hata kimoja, mpaka aonane na daktari wake na kumweleza yote.

Ama vumbi la Kongo na unga mwingine uuzwao mitaani, hatuwezi kumhesabia mtu saa zake, maana hajulikani kilichomo. Na katika nchi nyingi zimekamatwa dawa za namna hiyo zimetiwa sildenafil kwa siri.

Akiwa amekwisha kumeza na kifua kikambana, asiweke kitu chini ya ulimi. Apelekwe mara moja Bugando au Sekou Toure, na mkewe awaambie waganga jina la kidonge na saa kilipomezwa. Basi mkewe na ajulishwe leo.