Injili Isiyomgharimu Mtu

Neno nitakalosema litawaudhi baadhi ya watumishi wa Mungu, na miongoni mwao wamo niliowafundisha chuoni. Na waudhike. Mhubiri anayemwuzia mchimbaji wa Geita chupa ya mafuta ili duara lake liteme dhahabu, na mganga anayemwuzia hirizi, wamo katika biashara moja. Wote wawili wanauza bahati, ingawa mmoja ameshika Biblia.

Sisi wa Shinyanga na Geita tumekwisha kuona mwisho wa biashara hiyo. Ndugu zetu wenye ualbino waliuawa kwa sababu waganga waliwaambia watu kwamba viungo vyao huleta utajiri machimboni na ziwani. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua kijana wa miaka 14 wa Bukombe. Mwezi Februari 2015, wilayani Chato, mtoto wa mwaka mmoja alinyang'anywa mikononi mwa mama yake. Mama alikatwa kwa panga usoni akimtetea mwanawe, na mtoto akapatikana amekufa, hana mikono wala miguu. Na akina bibi wangapi wa Usukumani wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kosa lao likiwa ni macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni!

Nauliza: je, huku kwetu hapakuwa na makanisa? Yalikuwapo, na kwaya zilisikika kila Jumapili.

Hebu tusome Matendo ya Mitume, sura ya 16. Mjini Filipi palikuwa na kijakazi mwenye pepo wa uaguzi, na mabwana zake walivuna fedha nyingi kwa kazi yake. Paulo alipomfungua, mabwana hao waliona mfuko wao umetoboka. Ndipo Paulo na Sila walipopigwa bakora na kutiwa gerezani. Hapo ndipo mateso ya Injili yanapoanzia: inapomgusa mtu anayetajirika kwa kumla mwenzake. Injili isiyompunguzia mwenye ramli hata shilingi moja haijahubiriwa bado, hata kama vipaza sauti vimekesha.

Mtaniambia, "Mwalimu, mchimbaji ni maskini, tumwombee." Naam, tumwombee. Anashuka duarani kwa kamba, tena hana hakika ya kupanda. Basi kwa nini tumchaji kwa maombi hayo? Elisha alikataa zawadi za Naamani; Gehazi aliyezikimbilia alirudi na ukoma.

Waliotangulia kulileta Neno pande hizi hawakulifanyia biashara. Alexander Mackay, fundi mitambo Mskoti, aliondoka kwao mwaka 1876. Alipofukuzwa Buganda mwaka 1887, aliweka makao Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, akaendelea kutafsiri Maandiko kwa Kiganda. Alifariki hapo kwa homa mwezi Februari 1890, na katika miaka yote hiyo 14 hakurudi kwao hata mara moja.

Lakini simwiti kila Mkristo akafe ugenini. Msalaba wetu uko mlango wa pili. Watoto wenye ualbino walikusanywa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, mbali na mama zao, wapate usalama. Walihitaji kuta za kituo kwa sababu sisi majirani, tuliobatizwa, hatukutosha kuwa ukuta. Kumsindikiza mtoto wa jirani hadi shuleni, kumlaza bibi anayetishwa nyumbani kwako, kumtaja muuaji mahakamani wakati ukoo mzima unakukodolea macho: hayo ni mateso kwa ajili ya Kristo. Kuugua malaria si msalaba, maana mbu hachagui dini. Msalaba ni ule ambao ungeweza kuukwepa, nawe hukuukwepa.

Kwa hiyo, ndugu mhubiri, Jumapili ijayo nenda machimboni ukaseme waziwazi kwamba damu ya mtu haileti dhahabu. Kisha ongeza kwamba na mafuta yako hayaileti. Sadaka itapungua siku hiyo, na huenda ukatishwa njiani usiku. Usiogope. Utakuwa umehubiri.