Padri ameacha huduma: tumwambie nini mtoto?

Mwezi uliopita nilikuwa Kayanga, nyumbani kwa mama mkubwa. Tulikaa jikoni tukimenya ndizi za jioni, simu yake ikalia mara tatu mfululizo. Ilikuwa ni kundi la WhatsApp la jumuiya. Mtu alikuwa ametuma habari ya zamani ya askofu mmoja wa nchi jirani aliyeacha kazi, na chini yake akaweka alama nyingi za kuuliza.

Mama mkubwa akanipa simu. "Wewe si ndiye mwandishi wa afya? Hapa wameandika aliacha kwa sababu za kiafya. Alikuwa anaumwa nini?"

Nikasoma, nikamjibu kwa sauti ya chini, "Mama, ugonjwa haukuwa habari yote."

Mjukuu wake wa miaka 10, anayejiandaa kwa Komunyo ya kwanza, alikuwa amekaa kizingitini. Akauliza, "Alifanya nini?" Mama mkubwa akamwambia aende kuangalia kama mbuzi wamefungwa. Mtoto akaondoka akituangalia mara mbili. Mbuzi walikuwa wamefungwa tangu saa kumi na moja, na yeye ndiye aliyewafunga.

Mzazi, wiki hii nataka tuzungumze juu ya swali la yule mtoto. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya makanisa. Jimbo Katoliki la Kayanga, lililozaliwa kutoka Jimbo la Rulenge mwaka 2008, linagusa maisha ya familia nyingi hapa: shule, hospitali, vigango, kwaya. Padri kwetu ni mtu anayebatiza, anayezika, anayeombwa ushauri hata wa shamba la kahawa. Ndiyo maana habari ya padri kuacha huduma kwa tuhuma ikitoka popote duniani, sisi huku tunashika vifua. Na ndiyo maana watoto wetu wanahitaji kusikia jambo hili kutoka kwetu kabla hawajalisikia njiani.

Habari yenyewe ni hii

Askofu aliyezungumzwa kwenye kundi ni Cornelius Schilder, Mholanzi wa Shirika la Mill Hill, aliyekuwa akiongoza Jimbo la Ngong, Kenya. Alijiuzulu Agosti 2009, na sababu iliyoelezwa kwa waumini wakati ule ilikuwa ni afya. Miaka miwili ikapita. Mwaka 2011, Radio Netherlands ikatangaza kwamba kulikuwa na tuhuma kuwa alimdhalilisha kijana wa Kimasai miaka ya nyuma. Shirika lake likathibitisha kwamba Vatican ilikuwa imemzuia kutoa huduma za kichungaji.

Mimi ninaandika habari za afya. Najua "sababu za kiafya" zikiwa za kweli, mtu hupewa pole, huchangiwa, huombewa. Maneno hayo yakitumika kufunika jambo jingine, wanaoumia ni wawili. Wa kwanza ni yule aliyelalamika, kwa kuwa anaona watu wanampelekea pole aliyemtuhumu. Wa pili ni kila mgonjwa wa kweli atakayeacha kazi kesho, kwa kuwa watu watamnong'ona.

Si jambo la nchi nyingine tu. Hapa Tanzania, Soni mkoani Tanga, kulikuwa na shule ya bweni ya wavulana iliyoendeshwa na mapadri wa Shirika la Rosmini. Waliosoma pale miaka ya 1960 walikaa kimya zaidi ya miaka 40. Walipotafutana wakiwa wazee, ndipo walipoanza kusimulia yaliyowapata. Mmoja wa mapadri waliotajwa, Kit Cunningham, alikuwa amekuwa padri maarufu sana wa parokia jijini London, mwenye nishani ya heshima kutoka kwa Malkia. Baada ya kuandikiwa na wanafunzi wake wa zamani, yeye na wenzake watatu waliandika barua za kuomba radhi. Aliirudisha nishani ile, akafariki Desemba 2010. Wengi waliompenda walijua habari hizo Juni 2011, BBC ilipoonyesha filamu yake juu ya shule ile.

Angalia miaka hiyo, mzazi. Mtoto aliyeumizwa akiwa na miaka 10 alisema akiwa na zaidi ya 50. Kwa hiyo ukisikia mtu anauliza, "Mbona hakusema siku zote hizo?", jibu ni kwamba ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Mtoto husema pale anapoona yupo wa kumsikiliza.

"Ameacha huduma" maana yake nini?

Waumini wengi tunachanganya maneno, na mkanganyiko huo ndio unaozaa uvumi. Kuna padri anayetakiwa kukaa pembeni wakati uchunguzi unaendelea. Huyo hajahukumiwa. Kuna anayeomba mwenyewe kuacha nafasi yake. Kuna anayezuiwa kuadhimisha Misa hadharani na kuungamisha, ingawa bado ni padri. Na kuna anayeondolewa kabisa katika hali ya ukleri, akabaki kama mlei mwingine. Hatua hiyo ya mwisho huamuliwa Roma, si parokiani.

Sheria za Kanisa zimebadilika pia. Mei 2019 Papa Fransisko alitoa waraka uitwao Vos estis lux mundi, ambao toleo lake la kudumu lilitoka mwaka 2023. Unawataka mapadri na watawa watoe taarifa wanapojua au kuhisi kwa sababu za msingi kwamba mtoto amedhalilishwa, na unataka majimbo yawe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Unaeleza pia kwamba anayetoa taarifa asilazimishwe kunyamaza. Desemba 2019 Papa akaondoa siri ya kipapa kwenye kesi za namna hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia "mambo haya ya Kanisa yaishie sakristia", ujue hata Kanisa lenyewe halisemi hivyo.

Na kuna sheria ya nchi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na inampa mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa anapojua haki za mtoto zinavunjwa. Uamuzi wa Kanisa juu ya upadri hauchukui nafasi ya polisi na mahakama. Kikao cha wazee, fidia ya ng'ombe au magunia ya kahawa navyo havichukui nafasi hiyo.

Tuhuma si hukumu. Nalisema hili kwa uzito uleule. Padri ni mtoto wa mtu, ana mama kijijini anayesikia jina la mwanawe likitajwa sokoni. Lakini njia ya kumlinda asiye na hatia ni uchunguzi wa haki na wa haraka. Kumtisha aliyelalamika hakumsafishi mtu. Kunamwacha na kivuli maisha yake yote.

Mtoto tumwambie nini?

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na karibu mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wengi waliowaumiza walikuwa ni watu wanaofahamika kwa mtoto: jirani, ndugu, mwalimu, mpenzi. Kwa hiyo tusimfundishe mtoto kumwogopa padri, wala tusimfundishe kwamba kuna mtu ambaye hawezi kukosea. Tumfundishe jinsi ya kutambua jambo baya, awe nani anayelifanya.

Kwa mtoto wa miaka 10, maneno machache yanatosha: "Kuna mtu mkubwa ambaye watu wamesema alimgusa mtoto vibaya. Wanachunguza. Mtu yeyote akikugusa sehemu zako za siri, au akikuambia uguse zake, au akikuambia hii ni siri yetu usimwambie mama, njoo uniambie. Hata kama ni mtu tunayemheshimu. Hata kama ni ndugu yetu. Sitakupiga, sitakukasirikia."

Maneno ya mwisho ndiyo yenye kazi. Watoto wengi hawasemi kwa sababu wanaogopa kipigo kuliko wanavyomwogopa aliyewaumiza.

Tuwape pia majina halisi ya viungo vya mwili. Ukimwambia mtoto "pale" na "kule", siku akiwa na la kusema atakosa neno. Na tusiwalazimishe kusalimia kwa kukumbatiana au kupakatwa. Shikamoo inatosha kabisa.

Upande wetu, tuulize maswali ya kawaida parokiani, shuleni na madrasa. Mazoezi ya kwaya yanaisha saa ngapi? Watumikiaji wanabadilishia nguo wapi, na nani yupo? Nani anawarudisha watoto wakienda hija au kambi? Kiongozi mwema hatakasirika kuulizwa. Swali hilo linamlinda na yeye.

Dalili, na saa 72 za kwanza

Hakuna dalili moja inayothibitisha. Lakini mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akianza tena, akiogopa mtu au mahali alipopapenda, akipata zawadi au fedha asizoeleza, akilalamika maumivu anapokojoa au kukaa, akishuka ghafla darasani, mkalishe umsikilize. Usimhoji kama askari. Sema, "Nakuona hauko sawa, nipo hapa," kisha unyamaze.

Akisema, fanya haya:

Mwamini, na umwambie, "Si kosa lako. Umefanya vizuri kuniambia."

Usimwogeshe wala usifue nguo alizovaa, kama tukio ni la karibuni. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi au zifunge kwenye khanga safi. Mfuko wa plastiki unatunza unyevu na kuharibu ushahidi.

Mpeleke hospitali mapema, siku hiyohiyo. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema ndiyo bora. Zinamezwa kwa siku 28. Msichana aliyevunja ungo anaweza kupewa dawa ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Daktari ataangalia pia majeraha na magonjwa mengine ya zinaa.

Toa taarifa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, upate fomu namba 3, PF3. Lakini mtoto akiwa anavuja damu au ana hali mbaya, anza hospitali.

Mwone ofisa ustawi wa jamii wa wilaya au kata, au piga namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Kama miaka imepita, bado hujachelewa kusema, na bado kuna msaada. Jeraha la moyo halina saa 72.

Kuna jambo langu

Nilipokuwa sekondari ya bweni, mwalimu aliyetufundisha kwaya aliondoka ghafla katikati ya muhula. Tuliambiwa anaumwa. Tulilia, tukamwandikia kadi. Kisha ikavuja kwamba msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa amemsema kwa matroni. Hatukuuliza alisema nini. Tuliacha kukaa naye mezani. Mimi nilihamisha kitanda changu kutoka karibu na chake, na nilifanya hivyo mchana kweupe ili wengine wanione. Mwezi haukuisha, wazazi wake wakaja kumchukua.

Sijui kilichotokea kati yake na mwalimu yule. Ninachojua ni kilichotokea kati yake na mimi. Hakuna mtu mzima aliyetukusanya kutuambia ukweli japo kidogo, nasi tukatengeneza wa kwetu. Kila ninapoandika habari za namna hii, namwona akikunja shuka zake.

Kwa hiyo jioni ile Kayanga, mtoto aliporudi kutoka kwa mbuzi wake, nilimwomba mama mkubwa ruhusa. Akasita. Kisha akafuta mikono kwenye khanga, akasema, "Hapana, nitamwambia mwenyewe. Wewe utaondoka kesho, mimi ndiye atakayenitafuta."

Akamkalisha kwenye kigoda, akaanza kwa Kinyambo, taratibu. Mtoto alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama Jumamosi bado anaenda mafundisho.

"Unaenda," mama mkubwa akamjibu. "Na ukirudi utanisimulia yote mliyofanya."

Jumamosi hiyo nilikuwa nimesharudi kazini. Mama mkubwa alinipigia jioni. Alisema mtoto amesimulia mpaka ndizi zikaungua.