Kuinua pikapu si kutengeneza barabara

Mtindo umeingia katika barabara zetu. Mtu akinunua pikapu, kabla hata ya kuitia kazini anaipeleka garaji iinuliwe. Ndipo wasafiri wataiona kuwa gari ya nguvu, na shofa atajisifu mbele ya wenzake kwamba matope ya Walikale hayamtishi. Leo nasema wazi, na najua mapatroni wengine watanikasirikia: nyingi ya kazi hizo hazisaidii gari kupita. Zinaisaidia kubeba watu wengi zaidi juu ya mzigo. Na watu hao ni sisi.

Ni mama anayetoka Masisi na magunia ya maharagwe. Ni kijana anayeleta mafuta ya mawese kutoka Walikale. Ni familia iliyokimbia na inayorudi kuangalia kama nyumba bado imesimama. Mwaka 2025, vita vilipofika Masisi-centre mwezi wa kwanza na Walikale-centre mwezi wa tatu, watu walipanda gari yoyote iliyopatikana. Mkimbizi hana nafasi ya kuuliza habari za resori. Kwa hiyo lazima mwenye gari ajiulize yeye mwenyewe.

Tuanze na jambo ambalo mafundi wengi hawamwambii patroni. Gari inapokwama, mara nyingi kinachogusa matope si bodi. Ni ponti, lile yai la chuma katikati ya ekseli, linalolala juu ya tuta kati ya mifereji miwili iliyochimbwa na mapine ya Fuso. Ukiinua resori, bodi inapanda, lakini ponti ya nyuma inabaki palepale, kwa sababu inabebwa na mapine. Asiyeamini achukue mita, apime kutoka chini ya ponti hadi kwenye udongo, kabla ya kazi na baada ya kazi. Kipimo ni kilekile. Kinachoinua ponti ni pine kubwa zaidi, na hata hapo, pine likiongezeka sentimita 4 kutoka juu hadi chini, ponti inapanda sentimita 2 tu.

Kwenye Hilux za 2005 kuja huku, ponti ya mbele imefungwa kwenye shasi, kwa hiyo inapanda pamoja na bodi. Lakini kardani ndogo za mbele zinabaki zimepinda, mipira inayozifunika inapasuka mapema, matope yanaingia, na baada ya muda mfupi unanunua kardani. Faida uliyoipata kwa mkono mmoja umeirudisha kwa mkono mwingine.

Sisemi kwamba kuinua hakuna maana kabisa. Pale daraja la miti limeinama, au maji yamekata barabara, gari yenye pua juu inaingia na kutoka bila kung'oa bampa. Na malame yaliyochoka, yale yaliyonyooka au kupinda upande wa chini, lazima yabadilishwe. Pikapu nyingi zinazoitwa fupi si fupi. Zimechoka tu. Wekea malame mapya ya kipimo chake na amortisa mpya, utaona gari imepanda yenyewe bila kuongeza kitu.

Ugomvi wangu ni na njia za mkato. Ya kwanza ni kale, vile vipande vya chuma vinavyopachikwa kati ya ekseli na malame ya nyuma. Kipande kimoja kilichotengenezwa vizuri, kikafungwa na boloni ndefu za kipimo chake, kinaweza kufanya kazi. Lakini viwili kimoja juu ya kingine, au kipande cha mti, ni hatari. Ukifunga freni kwenye mteremko na mzigo, ekseli inataka kujizungusha, na kale ndefu inaipa nguvu zaidi ya kuyapinda malame. Kikiteleza, ekseli inatoka mahali pake. Na kwenye ekseli ya mbele kale isiwekwe kamwe, maana hapo ndipo usukani ulipo na ndipo freni inapovuta zaidi.

Njia ya pili ni kuongeza malame ya lori. Patroni anafurahi kwa sababu gari haiinami tena. Lakini sasa, ikiwa tupu, inarukaruka, pine haligusi vizuri barabara, na nguvu yote ya mashimo ambayo resori ilikuwa inaimeza inakwenda kwenye shasi. Shasi ikipasuka, hakuna anayekumbuka siku ile ya garaji.

Ukiamua kuinua, chagua hivi. Kwanza jua uzito unaobeba kila siku, halafu nunua malame na amortisa vinavyolingana na uzito huo na vinavyolingana vyenyewe kwa vyenyewe. Usipite sentimita 5. Hakikisha mipira ya freni haivutiki pale ekseli inaponing'inia, usukani umepangwa upya, na taa zimeshushwa, la sivyo usiku unampofusha anayekuja mbele yako. Baada ya siku chache za barabara mbaya, rudi ukakaze boloni zote. Fundi asiyekuambia urudi, usimrudie.

Sasa tufike kwenye hesabu yenyewe. Pikapu za namna ya Hilux zimetengenezwa kubeba tani moja hivi. Watu 15 wa kilo 60 ni kilo 900, kabla ya gunia hata moja. Ongeza magunia 5 ya maharagwe ya kilo 100, umefika kilo 1400. Resori mpya zinaficha uzito huo, haziuondoi. Freni ni zilezile, ekseli ni zilezile, shasi ni ileile. Zamani gari iliyoinama nyuma ilikuwa inapiga kelele kwamba imeshiba. Leo tumeiziba mdomo.

Na mahali ambapo watu wanakaa ndipo hatari inapozaliwa. Msafiri juu ya magunia ana kichwa zaidi ya mita 2 kutoka chini. Sentimita 10 za garaji peke yake pengine hazitapindua gari. Lakini ziweke chini ya magunia, juu ya magunia weka watu, halafu gari ipite upande wa mlima kule Mushaki, pine moja ndani ya mfereji. Kila kitu kinaegemea upande mmoja kwa pamoja, na aliye juu ndiye wa kwanza kuruka.

Najua jibu la mashofa: barabara ni mbaya, mwandishi, unataka tufanye nini? Wana haki, na hapa lawama inahama. Mwaka 2008 nchi ilianzisha FONER, mfuko wa kutunza barabara. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariyeri 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Utawala ukibadilika, wanaobadilika ni wale wanaoshika kamba. Msafiri bado analipa. Lakini barabara ya udongo inauawa na maji kwanza. Inahitaji mitaro pembeni, makalavati yaliyo wazi, na vijana wenye majembe wanaolipwa. Bariyeri moja tu ndiyo inayoisaidia: bariyeri ya mvua, ile inayozuia malori mazito kwa saa chache mpaka udongo ukauke. Hiyo ndiyo tusiyoiona. Kila dola inayoingia kwenye kale na kardani ni kodi ya pili, na mapatroni wanairudisha kwenye bei ya safari.

Kwa hiyo, mapatroni: wekeni pesa kwenye malame mapya, freni na mapine mazuri, na mpunguze wasafiri wa juu. Ninyi wa ACCO, kubalianeni katika parkingi idadi ya watu kwa kila pikapu, na mwenye kuipita asipewe zamu. Kila anayekusanya pesa barabarani aonyeshe mtaro alioufungua kwa pesa hiyo.

Na wewe msafiri, kabla ya kupanda, inama kidogo utazame nyuma ya pine. Ukiona vipande vya chuma vimepangwa kama matofali, au mti umefungwa kwa waya, ngoja gari nyingine. Mama mwenye mtoto mgongoni asikubali kukaa juu ya magunia kwa sababu tu shofa anasema gari ni ya nguvu. Amuulize inabeba kilo ngapi. Kama hajui, hajui pia jinsi atakavyoisimamisha kwenye mteremko.