Ditekta Kulia Siyo Dili, Dili ni Pointi

UE zimeisha, na hapa kimbwetani stori imerudi ile ile: mali za Mjerumani kule Amani.

Kwa wasiopajua, Amani iko milimani Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Mjerumani aliweka kituo cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902, Muingereza akakichukua 1916. Tangu hapo kila msingi wa zamani unasemwa una hazina. Anakuja "mtaalamu" na ditekta, ile mashine ya kutafutia madini, inalia, mzee wa watu anauza ng'ombe, vijana wanachimba shimo la kumeza trekta. Kinatoka msumari.

Msimamo wangu ni huu: asiyeweza kukuonyesha pointi, usimlipe. Mashine kulia ni kitu rahisi mno. Udongo mwekundu wa kwetu una chuma kibao, wenyewe tu unaweza kuiliza. Ndiyo maana anayejua kazi huanza kwa kuizoesha mashine udongo wa pale, sehemu isiyo na kitu.

Ikishalia, hachukui jembe. Anapunguza upana wa kupepea ile sahani ya chini, huku akiishika usawa uleule kutoka ardhini, mpaka apate mstari ambapo sauti ni kali zaidi. Anauchora. Halafu anageuka robo duara na kupepea tena kukata ule wa kwanza. Mistari inapokutana ndipo penyewe. Sauti ikiwa imetapakaa, anapunguza ukali wa mashine au anainua sahani kidogo kidogo mpaka ibane. Mlio ukija mara mbili mbili, huenda ni kitu kirefu kama msumari, au kiko juu juu mno. Akishachimba kidogo anapima shimo, kisha anapima udongo uliotoka, ajue kitu kiko upande gani. Shimo la sufuria linatosha!

Sasa mtihani wa bure. Fukia sarafu ya shilingi 200 nyuma ya nyumba, urefu wa kidole, yeye asione. Mwambie achomeke kijiti juu yake. Akikosea kwa hatua mbili, mpe maji ya kunywa aende zake.

Na jamani, siyo kila mahali pa kuchimba. Msitu wa Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Kutafuta vitu vya kale kwa kuchimba kunataka leseni, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Mnakumbuka wachimbaji wa dhahabu walivyovamia Usambara Mashariki miaka ya 2003 na 2004? Maji ya mto Zigi ndiyo yanayoingia bwawa la Mabayani, na Tanga mjini ndiyo wanayokunywa. Tope la mashimo ya huku juu linaishia kwenye ndoo za watu wa Ngamiani. Tena dhahabu ya vumbi ditekta haiisikii kabisa, inasikia mapande.

Zile sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye tembo ni za kweli, Mjerumani alizitengeneza Tabora mwaka 1916. Ila Tabora na Amani ni mbali, wadau. Wazee wetu waambieni mapema, kabla ng'ombe hajafika mnadani.

Nawakilisha. Wabishi mje na hoja!